Lori Linalogonga Asubuhi

Asubuhi za baridi, mtaa mzima wa mlimani uliamshwa na lori la Kamanda. Lilianza kwa kukohoa, likatema moshi mweupe uliojaa uchochoro, kisha likaanza kugonga: ko, ko, ko, kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa na nyundo mkononi. Baadaye, injini ikishapata moto, sauti ilififia, ikanyamaza kabisa. Hapo ndipo mwenyewe alipoteremka, akajifuta mikono kwenye suruali na kuwatazama majirani kama aliyewafanyia hisani.

"Baridi tu hiyo," alisema, hata kama hakuna aliyemuuliza.

Kamanda hakuwahi kuvaa sare ya jeshi lolote. Jina alilipata kwa kupenda kuamuru. Alimwamuru muuza mkaa namna ya kupanga magunia yake, aliwaamuru wapita njia wapite upande gani wa dimbwi, na siku za mvua alisimama mlangoni akalitazama wingu kwa ukali kama askari wake aliyechelewa kazini. Lakini lori alijua kuliendesha. Hilo hata waliomchukia walilikiri, ingawa hawakupata nafasi ya kulisema, kwa sababu yeye mwenyewe aliwatangulia.

Siku ile alimleta fundi. Fundi huyu alitaka aitwe Daktari, na watu walimwita hivyo ili awapunguzie bei. Alivaa koti la buluu lenye kalamu mfukoni, kalamu isiyo na wino. Akachukua bisibisi ndefu, akaegesha ncha yake ubavuni mwa injini na mpini sikioni mwake, akafumba macho.

"Washa."

Lori likawaka, likagonga.

"Zima." Daktari akafungua macho. "Pistoni zimelegea ndani ya silinda, mzee. Zikiwa baridi zinayumba, zinapiga ukuta. Zikipata moto zinatanuka, zinakaa sawa, zinanyamaza. Wewe unadhani zimepona."

"Baridi tu hiyo," Kamanda akasema.

"Baridi inakuambia ukweli. Joto ndilo linakudanganya. Siku moja pistoni itapasuka, mkono wake wa chuma utatoboa ubavu wa injini, na wewe utakuwa umekaa juu yake."

"Dawa yake?"

"Kuifungua yote. Silinda, pistoni, ringi, vyote vipya." Akataja gharama. Kamanda akacheka kicheko cha mtu aliyepigwa kibao mbele za watu. Fedha za kazi yake kubwa ya mwisho alikuwa amenunulia makochi mekundu ya mahameli, ambayo hayakupita mlangoni mpaka fremu ikang'olewa. Sauti ya injini ilikuwa imeshaanza wakati huo. Yeye akachagua makochi.

Daktari akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Au liuze. Asubuhi ulipashe, mnunuzi akija alikute na moto wake. Mimi nitakuwepo kulisifu. Wewe utanifikiria."

Kamanda hakuhitaji kufikiri sana. Alishajua atamuuzia nani.

*

Mkewe aliitwa Mama Pacha, kwa ajili ya mabinti wawili waliokuwa shuleni saa zile. Alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani, mahali pekee palipobaki baada ya makochi kuingia ndani. Kamanda alisimama mbele yake akamzibia mwanga.

"Mdogo wako karudi na mafao yake," akasema.

"Najua."

"Anatafuta biashara."

Mama Pacha akaondoa mguu kwenye pedali. Mdogo wake alikuwa amepika miaka mingi kwenye kambi ya wachimba madini, mbali kabisa, na wote walimwita Mpishi. "Umuuzie ndugu yangu maiti?"

"Nani kasema maiti? Gari linatembea."

"Nimemsikia Daktari. Kasema siku moja litapasuka."

"Siku moja! Hata wewe siku moja utakufa, mbona nilikuoa?" Kamanda akacheka, akaona mwenzake hacheki, akabadili sauti. "Sikiliza, mke wangu. Hilo gari likifia mikononi mwetu, tumekwisha. Kodi ya nyumba, ada za watoto, vyote. Yule ni mtu mmoja, hana mke, hana mtoto. Atalitumia, akija kupata tatizo ana akiba ya kulitengeneza. Sisi tuna nini?"

"Tuna makochi," akasema Mama Pacha.

"Mimi sikuombi useme uongo. Nakuomba ukae kimya. Kukaa kimya nako ni dhambi?"

Mama Pacha akarudisha mguu kwenye pedali. Hakusema ndiyo, wala hakusema hapana, na Kamanda, aliyezoea kuhesabu kimya cha watu kuwa utii, akaondoka ameridhika.

Isidhaniwe kwamba alikuwa mwanamke mbaya. Alikuwa na kinyongo, na alikitunza kama watu wengine wanavyotunza vyombo vya wageni. Mama yao alipougua mpaka akafa, ni yeye aliyemgeuza kitandani na kumwosha. Mpishi alituma salamu. Alituma salamu nyingi, kwa kila aliyepita kambini, na kila aliyezileta alikunywa chai ya Mama Pacha.

*

Usiku wa kuamkia siku ya mnunuzi ulikuwa wa baridi kali. Kamanda aliifunika boneti kwa blanketi alilolitoa kitandani kwa mama yake mzazi. Kikongwe huyo alilala chumba cha nyuma na mapafu yalimsumbua.

"Na mimi nitajifunika nini?" bibi akauliza.

"Mama, wewe huuzwi," Kamanda akajibu, akatoka na blanketi.

Alfajiri akawasha jiko la makaa, akalisukuma chini ya injini ili oili ipate moto, akachuchumaa hapo akipepea kwa kipande cha boksi. Majirani walipita wakienda makazini. Hakuna aliyeuliza. Wote walielewa mara moja, na wote wakaona ni jambo la mzaha kuliko la aibu. Muuza mkaa akasema, "Kamanda, usisahau kuligeuza, litaungua upande mmoja." Wakacheka pamoja. Mtaa mzima ulijua lori lile linauzwa kwa nani na lina ugonjwa gani, na mtaa mzima ukanyamaza, kila mtu akijiambia kwamba hayamhusu.

Lilipowashwa liligonga mara chache tu, kama mtu anayeogopa kuamsha wenyeji, kisha likatulia. Kamanda akaliacha lingurume mpaka jua likatoka.

*

Mpishi alifika amevaa viatu vipya vinavyolia. Mikononi alishika chupa ya chai isiyo na kifuniko.

"Zawadi yako, dada. Kifuniko kilipotea njiani, utatafuta kingine."

"Ahsante, mdogo wangu."

"Bado unashona viraka?"

"Bado."

"Kule kambini tulikuwa na mashine, inashona suruali nzima kabla hujamaliza glasi ya maji." Akaingia ndani. Kabla ya kukaa kwenye kochi jekundu, Mpishi alitoa leso mfukoni, akapangusa mahali atakapokaa, akaitazama leso, akaikunja na kuirudisha. Mama Pacha alikuwa amepiga magoti tangu alfajiri akiyasugua makochi yale. Aliona. Neno alilokuwa amelibeba ulimini tangu usiku, neno moja ambalo lingemwokoa yule kijana na akiba yake yote, likateremka kooni.

Wakatoka nje. Daktari alikuwepo, kalamu mfukoni. Akalizunguka lori, akapiga matairi teke, akafungua boneti na kutikisa kichwa kwa mshangao wa kupendeza.

"Injini changa hii. Magari ya siku hizi hayatengenezwi hivi."

Mpishi akaweka kiganja juu ya injini, akakiondoa haraka. "Mbona ina moto?"

"Nimepeleka mchanga kwa mteja asubuhi hii," Kamanda akasema. "Gari la kazi halilali."

"Washa niisikie."

Likawaka kwa mguso mmoja, likanguruma laini kama paka aliyeshiba. Mpishi akasikiliza, mikono kiunoni. Hakujua lolote kuhusu magari, lakini alikuwa amekaa mbele ya majiko makubwa miaka mingi na aliamini kwamba chochote kinachotoa moshi yeye anakielewa. "Nasikia pumzi yake," akasema. "Iko vizuri."

"Una sikio, shemeji," Kamanda akasema. "Wengi hawana."

Mpishi akavimba. Hata hivyo, kabla ya kushikana mikono, akageuka. Mama Pacha alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai.

"Dada, wewe umekaa na hili gari. Unasemaje?"

Daktari akainama kufunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba. Na Mpishi alikuwa ameuliza kweli; kwa mara ya kwanza tangu afike, sauti yake haikuwa na majivuno, ilikuwa sauti ya mtoto anayeuliza kama maji ni ya moto.

"Mimi najua cherehani," akasema Mama Pacha. "Chai inapoa."

Wakashikana mikono. Fedha zikahesabiwa ndani, mlango ukiwa umefungwa, na zilikuwa nyingi kuliko Kamanda alivyotarajia, kwa sababu Mpishi aliona haya kuomba apunguziwe mbele ya Daktari. Alipomaliza kuzitoa, akatabasamu.

"Sasa shemeji, kuna jambo moja. Mimi sijui kuendesha."

"Utajifunza."

"Kwa nini nijifunze, na mimi nina wewe? Dereva kama wewe nitampata wapi? Nitakulipa kila mwezi, na gari litalala kwangu, kule juu."

Kule juu kulikuwa na baridi kuliko hapa. Kamanda akafungua mdomo kukataa, akatafuta sababu, akaziona zote, na hakuna hata moja ambayo angeweza kuitamka.

*

Basi ikawa kila alfajiri Kamanda anapanda mlima na jiko la makaa mkononi, amejifunga shali la mkewe, akijificha kwenye vivuli vya kuta kama mwizi anayerudisha mali. Alikuwa ameuza lori, akauziwa utumwa wake. Siku za mwanzo alifaulu. Kisha asubuhi moja Mpishi akatoka kwenda msalani na kuona mwanga mwekundu chini ya gari lake, na miguu miwili imetokeza.

"Shemeji? Unapika nini huko chini?"

Kamanda akatambaa nje, majivu kwenye nyusi. "Napasha oili. Ni utaratibu wa kitaalamu. Madereva wa kawaida hawaujui."

Mpishi akaguswa. Alikwenda akawaambia watu wa dukani, akawaambia watu wa msibani, kwamba ana dereva anayelala akiliwaza gari. "Mtu analipenda gari langu kuliko mimi!" Wale waliojua walitazama chini, wakakubali kwa vichwa, wakaenda kucheka mbele ya safari. Kamanda naye alipozipata sifa hizo aliziamini. Ikafika mahali akawa anawakaripia madereva wengine kwa kutopasha oili zao.

Nyumbani fedha ziliyeyuka. Kodi ililipwa, ada zikalipwa, Daktari akafikiriwa, na Kamanda akajinunulia koti la ngozi kwa sababu alfajiri za kule juu zilikuwa na baridi. Mama Pacha hakununua kitu. Alipopewa sehemu yake aliiweka chini ya kitambaa kwenye boksi la nyuzi, na kila alipofungua boksi kutafuta uzi aliona noti zile, akafunga bila kuchukua uzi.

Jioni moja Mpishi alipita akiwa na furaha. Kikundi cha akina mama wakulima kilimpa kazi ya kuteremsha viazi kutoka mashamba ya juu kabisa, msimu mzima. Aliwaletea mapacha mkate na siagi, akakaa kwenye kochi bila kulipangusa.

"Dada," akasema, "msimu ukiisha nataka tujenge kaburi la mama. Simenti, na jina lake. Najua sikuwepo. Nataka nifanye hilo."

Mama Pacha alikuwa anakata kitambaa. Mkasi ukasimama.

"Mdogo wangu," akaanza.

"Naam?"

Kamanda alikuwa ameketi pale pale, koti jipya likitoa harufu ya duka. Alikohoa. Si kikohozi cha ugonjwa.

"Chukua sweta," Mama Pacha akamaliza. "Kule juu kuna baridi."

*

Walilala mashambani, Mpishi kwenye kibanda cha walinzi, Kamanda ndani ya lori. Asubuhi majani yalikuwa yamevaa barafu nyembamba, na viazi vilikuwa vimepakiwa mpaka juu ya ubao. Makaa hayakuwepo, akina mama walipikia kuni mbichi zilizotoa moshi bila moto. Kamanda alizunguka akiomba makaa kwa kila mtu. Mmoja akamwambia, "Baba, unataka kuendesha au unataka kuchoma mahindi?"

Akapanda. Mpishi akapanda upande wa pili, sweta la dada yake mwilini. Ufunguo ukazungushwa. Lori likakohoa, likakataa, likakohoa tena, likawaka.

KO, KO, KO, KO.

Viatu vya Mpishi viliruka sakafuni. "Shemeji, nani anagonga?"

"Hakuna mtu."

"Kuna mtu huko nyuma! Wamemfunika na viazi!" Mpishi akateremka mbio, akazunguka nyuma, akaita, akapiga ubao kwa kiganja. Akina mama wakacheka mpaka wakashikana. Akarudi polepole, uso umebadilika, kwa sababu alikuwa amepita karibu na boneti na kusikia.

"Ni injini," akasema.

Hapo Kamanda alikuwa na nafasi yake. Lori lilikuwa limesimama, mtaro upo kando, barabara ya kuteremka ilikuwa bado mbele. Angeweza kuzima, akasema, akatukanwa, na hasara ingekuwa ya pistoni tu. Nje akina mama walikuwa bado wanacheka, na baadhi yao walimtazama yeye.

"Baridi tu hiyo," akasema. "Funga mlango."

Sauti ikafifia, kama kawaida yake. Mpishi akafuta jasho ambalo halikufaa kuwepo kwenye baridi ile. Wakavuka kilima cha kwanza, wakavuka cha pili, na Kamanda alikuwa ameanza kupiga mluzi walipoanza kupanda cha tatu. Mlio mmoja, mkubwa, kama geti la chuma lililofungwa na mtu mwenye hasira. Usukani ukamtetemeka mikononi. Moshi ukaingia ndani. Alilisimamisha vizuri kabisa, tairi la nyuma limeegemea jiwe, mzigo haukuhama hata gunia moja. Hilo lisemwe.

Waliteremka. Oili ilikuwa inatiririka barabarani, nyeusi, na ubavuni mwa injini palikuwa na tundu la kuingiza ngumi. Mkono wa pistoni ulichungulia pale, umepinda. Mpishi aliutazama kwa muda mrefu bila kuuliza ni nini.

Viazi vilikaa barabarani mpaka jua likavichemsha chini ya turubai. Wapita njia walisaidia kuvipakua, na kila aliyesaidia aliondoka na vyake. Kikundi cha akina mama kilitaka fidia, na kazi ya msimu ikapewa mwingine.

*

Mpishi alifika nyumbani kwa dada yake na Daktari. Safari hii Daktari alikuwa amelipwa na upande wa pili, na alivaa koti lile lile. Majirani walisogea dirishani kwa kisingizio cha kumjulia hali bibi, aliyekuwa anakohoa tangu juma lile la blanketi.

"Nimeleta mtaalamu," Mpishi akasema. Hakukaa. "Sema, Daktari."

Daktari akakohoa kitaalamu. "Nimeikagua. Injini nilipoithibitisha ilikuwa nzima. Ile imeuliwa na dereva."

"Imeuliwa na nani?" Kamanda akasimama.

"Mzigo mkubwa, gia isiyofaa, mguu mzito. Kazi ya dereva mbovu. Inatokea."

Mpishi akageuka kwake. "Shemeji, sitaki ugomvi. Nilikukabidhi gari zima, umeniulia. Unilipe injini. Utakatwa kidogo kidogo, popote utakapopata kazi. Ingawa sijui nani atampa kazi dereva anayeua magari."

Dirishani mtu akacheka. Alikuwa muuza mkaa.

Kamanda angeweza kuinamisha kichwa. Mkewe alimwona akijaribu. Mabega yalishuka kidogo, na pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake alipiga hesabu sahihi: deni la polepole ni afadhali kuliko kuitwa mwizi. Lakini Daktari, ambaye hakujua kunyamaza akiwa amelipwa kusema, akaongeza, "Wako wengi. Wanajiita madereva, kumbe ni washika usukani."

"Mimi?" Kamanda akafoka. "Mimi mshika usukani? Ile injini ilikuwa maiti kabla hujainunua! Maiti! Ingekuwa mikononi mwa mwingine isingefika hata dukani! Mimi ndiye niliyeiweka hai! Kila alfajiri, na jiko, chini ya gari, kwa mikono yangu hii! Muulizeni huyu mwongo, yeye ndiye aliyenifundisha niipashe! Mimi nimeua gari? Hakuna dereva katika mlima huu angeweza kuliendesha gari lile hata siku moja!"

Alisimama katikati ya makochi yake mekundu, kifua mbele, anahema. Alidhani ameshinda. Ilichukua muda mpaka uso wake ukaanza kuelewa kilichotoka mdomoni mwake. Daktari alikuwa ameshatafuta mlango. Dirishani hakuna aliyecheka tena. Wote walikuwa wamejua, lakini kujua ni kitu kimoja, na kusikia kikitamkwa mbele ya aliyeibiwa ni kingine. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakikumbuka kazi zao.

Mpishi hakumtazama Kamanda. Akamtazama dada yake.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Nilikuuliza. Nilisimama pale nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Kwa nini, dada?"

Mama Pacha alikuwa na jibu. Alikuwa amelitunza miaka: usiku wa kumgeuza mama, salamu zile zote, chai aliyowanywesha waliozileta. Aliwahi kuliwaza mbele ya cherehani, likawa na maneno mazuri na mazito. Sasa alipofungua mdomo likatoka lile dogo.

"Ulipangusa kochi," akasema.

Mpishi akasubiri, akidhani kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Mama Pacha akasikia neno lake likiwa limebaki pale sebuleni, dogo kama kifungo kilichodondoka, na akatamani kuliokota.

Aliingia chumbani, akatoka na noti za kwenye boksi la nyuzi, zote. Mpishi akazipokea bila kuzihesabu. Hiyo ilimuuma dada yake kuliko kama angezihesabu.

*

Mambo yaliisha hivi. Makochi yalitoka kwa njia ile ile yaliyoingilia, fremu ikang'olewa tena, yakauzwa kwa nusu ya bei ili Mpishi arudishiwe fedha zake. Koti la ngozi likauzwa. Lori likanunuliwa kama vyuma chakavu, na aliyemtafutia Mpishi mnunuzi wa vyuma alikuwa Daktari, ambaye naye akafikiriwa. Vyote vikijumlishwa havikufika hata nusu ya akiba. Kaburi la mama yao lilibaki udongo.

Kamanda alipata kazi ya kuendesha gari la taka. Jioni alikaa kibarazani kwa muuza mkaa akisimulia jinsi alivyoiweka hai injini iliyokufa, na kila aliposimulia vilima viliongezeka. Watu walimsikiliza. Hadithi ilikuwa nzuri, na aliyedhulumiwa hakuwepo hapo kuiharibu.

Mpishi aliamua kurudi kambini. Mama Pacha alizipata habari kwa mteja aliyekuja kupunguziwa sketi. Aliacha sketi kwenye cherehani, akaenda stendi jinsi alivyokuwa, tepu ya kupimia shingoni, pini kwenye gauni. Alimkuta kwenye foleni ya basi, begi moja begani, na viatu vile, ambavyo sasa havikulia tena.

Watu walikuwa wengi. Alisimama karibu naye mpaka akaonekana. Mpishi alimtazama, si kwa chuki, kwa adabu ya mtu aliyekutana na mtu mzima njiani.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mama. Kama anavyoitwa mwanamke yeyote anayeuliza njia. Mama Pacha alikuwa amekuja na maneno, na tangu mtaani kwake alikuwa ameyapanga yale makubwa yaje mbele. Lakini lile "mdogo wangu" alilozoea kumwita halikuja. Foleni ikasogea, mtu nyuma akamsukuma begani na kumwomba radhi.

"Marahaba, kaka," akajibu.

Kondakta akanyoosha mkono kudai tiketi. Mpishi akampa, akapanda, akachagua dirisha la upande wa pili.